Sili ya Bwana Kofia

Aliyekata sili ya lori la kampuni ni mimi, Waithira binti Gathogo. Nilitumia koleo la mume wangu, saa nane mchana, jua likiwaka. Nasema hivi mapema kwa sababu pale shambani kwetu Cheptiret wako watu wanaosimulia kwamba ilikatika yenyewe kwa kutu, na wengine kwamba mume wangu Kituyi ndiye aliyenituma. Haikukatika yenyewe. Wala sikutumwa.

Lori tulilipata pamoja na shamba. Mwaka wa sitini na nne wazazi wetu walijiunga wakaunda kampuni, wakanunua shamba la mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Alituachia nyumba ya mawe, ghala la maziwa, na lori la dizeli lenye pua butu. Injini ya lori hilo haikuwa mbele kama ya magari mengine. Ilikaa ndani ya kebini, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko cha bati, imebanwa huku na huku hata panya angepita kwa kuomba nafasi.

Siku ya kukabidhi, Bwana Kofia aliwaita wazee wa kamati, akainua kifuniko, akaelekeza fimbo yake nyuma kabisa ya pampu ya dizeli. Pale palikuwa na sili: kidonge cha madini ya risasi kinachoning'inia kwenye waya mwembamba.

"Hii hapana gusa," akasema. "Kabisa."

Akafunga kifuniko. Mwezi uliofuata akahama nchi.

Wazee wetu walizijua sili. Mwenyekiti, Mzee Ndungu, alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye mizani ya mahindi, na mizani ya serikali ilifungwa kwa kidonge cha risasi na waya vilevile. Alimwona kwa macho yake mtu akifungwa pingu kwa kuikata. Kwa hiyo, kwake yeye, penye risasi na waya pana serikali. Na kwa kuwa hati ya shamba ilikuwa haijatoka, wazee wote waliingiwa na wazo moja: sili ile ni sehemu ya mapatano. Ikivunjwa, mzungu ataandika barua kutoka huko aliko aseme mapatano yamevunjwa, turudishwe tulikotoka na sufuria zetu kichwani.

Waliandika kwenye kitabu cha mikutano: *Sili isiguswe.* Wakamchagua Mzee Macharia, mtu wa kanisa, mwenye tochi yake mwenyewe, awe mlinzi. Kila mwezi aliinua kifuniko, akamulika, kisha akasimama mbele ya mkutano na kusema, "Sili iko." Watu wakapiga makofi. Nami nimeyapiga makofi hayo nikiwa msichana, na nilipiga kwa nguvu.

Shida ilikuwa moja tu. Lori halikuwa na nguvu.

Kutoka shambani hadi barabara kuu kuna kijito, na baada ya kijito kuna kilima. Bwana Kofia alikuwa na jina lake la kilima hicho, lakini sisi tulikiita Shukeni, kwa sababu hapo ndipo lori likibeba mahindi huanza kulia, na dereva hutoa kichwa dirishani na kuwaambia abiria, "Shukeni." Wanawake walioketi juu ya magunia walishuka, wakafunga leso viunoni, wakasukuma. Mara nyingine hata kusukuma hakukutosha. Nusu ya magunia ilishushwa, lori likapanda, likarudi kufuata yaliyobaki.

Na dereva alikuwa baba yangu.

Gathogo aliendesha magari tangu kabla sijazaliwa. Alijifunzia katika malori ya jeshi wakati wa vita, kwenye matope ya nchi asizoweza kuzitamka. Lakini kwa miaka minne, kila mkutano, kitabu cha kampuni kiliandikwa jambo lilelile: *Dereva ajitahidi.* Kisha: *Dereva ameonywa.* Mama Maximilla, aliyesukuma lori hilo kuliko mtu yeyote na mwenye haki ya kusema, alimwambia mbele ya watu, "Gathogo, wewe unaendesha kama mtu anasindikiza maiti ya tajiri. Haraka ya nini, chakula kiko." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baba alicheka nao. Nyumbani hakula.

Basi mwaka wa sitini na nane, mwezi wa kumi na mmoja, mahindi yakiwa yamejaa ghalani, kamati ilikata shauri. Mzee Ndungu alisimama akasema dereva amezeeka. Yuko kijana wao Waweru anayeendesha basi Nakuru, mwepesi wa mguu. Lakini kwa heshima, Gathogo apewe jaribio la mwisho. Ijumaa apakie magunia arobaini, apande Shukeni bila mtu kushuka. Akishindwa, arudishe ufunguo.

Alhamisi baba alileta lori mjini Eldoret, kwenye gereji yetu karibu na mtaa wa West Indies, litiwe grisi.

"Mama," aliniambia akiruka chini, "mwambie mume wako anipakie grisi mpaka mahali dunia imesahau. Kesho nataka hii gari iteleze."

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Ndiyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza wa kike. Ina faida zake. Baba hawezi kunigombeza sana bila kujisikia anamgombeza mzazi wake.

"Baba, na lile jambo la nguvu?"

"Nguvu ni ya Mungu." Akacheka kidogo, macho hayakucheka. "Nitaingia kijitoni na mwendo. Nikikosea nimekosea. Nimeendesha vya kutosha."

Akaenda kunywa chai kwa rafiki yake Mburu mwenye duka. Kabla hajaniachia ufunguo alisimama akiuning'iniza kidoleni, akiuzungusha na kuushika, akiuzungusha na kuushika.

Kituyi mume wangu ni mtu wa Webuye, fundi asiyependa maneno. Alipaka grisi alivyoombwa. Kisha aliinua kifuniko cha injini, akanikalisha kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga."

Nilikanyaga.

"Mpaka mwisho."

"Huu ndio mwisho."

"Wacha. Kanyaga tena." Alikuwa ameinama, sikio karibu na pampu, kama daktari. Halafu akainuka na kusema, "Hii injini si mgonjwa. Imefungwa mguu."

Alinionyesha. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta mkono mdogo ulio kwenye pampu, na kadiri mkono unavyosogea ndivyo dizeli inavyoongezeka. Lakini mkono huo ulifika nusu ya safari yake tu, ukagonga kichwa cha skrubu ndefu, ukasimama. Skrubu hiyo ilikuwa imezungushwa ndani kabisa, ikakazwa kwa nati, na juu ya nati ukapitishwa waya, na kwenye waya kidonge cha risasi.

"Mzungu hakutaka madereva wakimbize gari lake," alisema Kituyi. "Kazi yake ilikuwa kubeba maziwa hapa na pale. Akaambia fundi wake apunguze, akafunga ili mtu asiongeze. Ni hiyo tu. Hakuna serikali hapa."

Niliitazama. Miaka minne. Makofi yote yale.

"Fungua," nikasema.

"Mimi?" Kituyi alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi ni mkwe, Waithira. Nikigusa mali ya wakwe bila ruhusa, hata mbwa wenu hataniamkia. Na tena," akainua mkono wake, mnene kama mguu wa meza, "huu utapita wapi?"

Alikuwa amesema kweli mara mbili. Kati ya pampu na chuma cha kebini palikuwa na upenyo wa kama mdomo wa kikombe cha chai. Kazi za mahali pembamba pale gereji ni zangu tangu tuoane. Nilikunja mkono wa blauzi hadi begani, nikapaka dizeli ngozi yangu iteleze, nikachukua koleo dogo.

Ungedhani ningesita. Sikusita. Waya ulikatika kwa mlio mdogo, kama wa ukucha unaokatwa. Kidonge kikaniangukia kiganjani, kikiwa na vumbi la miaka, na hakikuwa na ngao wala herufi za serikali. Kilikuwa laini kabisa pande zote mbili.

Kazi ya skrubu ndiyo iliyokuwa kazi. Macho hayafiki kule. Unaingiza mkono hadi begani, shavu lako linalala juu ya injini yenye joto, na kuanzia hapo vidole ndivyo vinavyoona. Nilipapasa: bomba, bomba, fimbo, hapo nati. Spana ndogo niliishika kwa vidole viwili, maana cha tatu hakikupata nafasi. Nati ilikuwa imeshika kutu. Nilivuta, ikakataa. Nilivuta tena, spana ikachomoka na vifundo vyangu vikajigonga kwenye chuma. Nikasema neno ambalo jina la bibi yangu halikustahili.

"Tia dizeli, ngoja kidogo," alisema Kituyi.

Nilitia. Nilingoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa na raha. Kuna utulivu fulani unaokuja ukiwa umebanwa hivyo, dunia yote imekuwa kitu kimoja kidogo kwenye ncha za vidole. Nilivuta mara ya tatu, nati ikaachia polepole, kama mtu anayekubali neno ambalo alilijua siku zote.

Nikaanza kurudisha skrubu nyuma. Robo mzunguko. Robo nyingine. Nikafika mzunguko mmoja, nikaongeza nusu kwa tamaa.

"Washa!"

Kituyi aliwasha, akakanyaga. Moshi mweusi, mzito kama ugali wa wimbi, ulitoka nyuma na kuvuka ua wetu hadi kwa jirani, Mama Tryphosa, aliyekuwa amemaliza kuanika shuka nyeupe.

"Kituyi!" tulimsikia. "Kituyi wewe! Unachoma shetani huko?"

Nilitoa mkono, nikakimbia kumwomba radhi, nikamsaidia kuanua, nikaahidi kuzifua mwenyewe. Nilirudi, nikaingiza mkono, nikaipeleka skrubu ndani robo mzunguko. Bado moshi. Robo tena. Sasa ulitoka kidogo, wa kijivu, ukapotea hewani kama pumzi asubuhi ya baridi. Na sauti ilikuwa imebadilika. Injini ilikuwa inaitika pale pale mguu unapogusa, bila ule mngojo wake wa zamani.

"Hapo," alisema Kituyi. "Usiguse tena. Ukiizidishia dizeli, itachemka na kujiua."

Niliishikilia skrubu kwa bisibisi fupi ili isisogee, nikakaza nati kwa vidole viwili, nikatoa mkono. Ulikuwa mwekundu kutoka kwapa hadi kiwiko, na alama ya kuungua juu ya kifundo.

Kituyi alichukua kile kidonge, akakigeuzageuza. "Naweza kukibana tena kwa waya mpya. Macharia hatajua."

"Hapana."

"Utawaambia?"

"Wakiuliza. Sijaiba kitu cha mtu."

Lakini baba sikumwambia. Ningemwambia angeniamuru nirudishe, kwa sababu yeye mwenyewe aliinua mkono siku ile sili ilipoandikwa kitabuni, na baba ni mtu wa kusimama penye mkono wake. Nilimpa ufunguo, nikamwambia nitaandamana naye kesho. Hilo la kunyamaza nalo ni langu.

Ijumaa tulipakia arobaini. Mimi nilikaa upande wa abiria pamoja na Mzee Macharia, aliyetumwa na kamati kuwa shahidi. Mama Maximilla na wenzake watatu walipanda juu ya magunia, leso zikiwa zimefungwa viunoni tayari.

"Gathogo!" alipaza sauti kutoka juu. "Tuondoe viatu sasa ama tungoje?"

Baba alitia gia. Alishuka kijitoni na mwendo wote alioweza kuukusanya, maji yakaruka pande zote, akaanza kupanda. Mkono wake ulikuwa umeshika gia, tayari kushuka ya kwanza. Niliujua mkono huo. Kwa miaka minne ulishusha gia kwenye mti wa kwanza wa mkaratusi na kwenye mti wa tatu kichwa kikatoka dirishani.

Tulipita mti wa kwanza katika gia ya pili. Mkono wa baba ukakaza, ukalegea. Mti wa pili. Injini ilivuma chini ya kifuniko, sauti nene, na mimi nilikuwa nimeshika goti langu mwenyewe nikisikiliza kama kuna mchemko. Mti wa tatu ukapita. Mzee Macharia alitazama nje, kisha akamtazama baba, kisha nje tena. Karibu na kilele baba aliuondoa mkono kwenye gia kabisa, akauweka kwenye usukani juu ya mwenzake, akaanza kuvuma wimbo wa kanisa puani.

Tulifika juu. Alisimamisha lori kando ya barabara kuu ingawa hapakuwa na sababu ya kusimama. Alishuka, akalizunguka polepole, akalipiga mkono ubavuni, akapiga magurudumu teke moja moja.

"Mnaona?" aliwaambia wanawake. "Ni grisi. Gari kama mtu, lataka kupakwa."

"Leo nitafika Eldoret na viatu!" alipiga kelele Mama Maximilla, na wote wakapiga vigelegele pale juu ya magunia, na lori lililokuwa linapita likapiga honi.

Sijui kama nitawahi kumwona tena baba akiwa hivyo. Njia nzima hadi mjini alizungumza. Alitueleza habari za vita, jinsi alivyovusha mzinga mtoni usiku wa mvua. Nilikuwa sijawahi kuzisikia. Tulipakua mahindi, tukanywa chai, tukarudi, na mimi nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba vifundo havikuniuma.

Tulipofika shambani Mzee Macharia alitoa tochi. Mwezi ulikuwa umefika mwisho na ukaguzi wake ulikuwa haujafanywa. Aliinua kifuniko, akamulika. Akaisogeza tochi. Akafuta kioo chake kwa koti, akamulika tena.

"Gathogo," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuta kaburi limefunguliwa, "sili haiko."

Baba aligeuka rangi.

"Nimeikata mimi," nikasema. "Jana."

Mkutano uliitwa Jumamosi asubuhi kwenye ghala la maziwa. Watu walijaa hadi mlangoni. Mzee Ndungu alifungua kitabu, akasoma kwa sauti lile neno la mwaka wa sitini na nne, akakifunga.

"Kwanza," alisema, "kamati inampongeza Mzee Gathogo. Amepanda Shukeni, hakuna mtu ameshuka. Ufunguo ni wake."

Makofi.

"Pili. Tutaleta sili mpya. Ile skrubu irudishwe pale ilikuwa, ifungwe. Na Mzee Gathogo aendelee kuendesha vile aliendesha jana."

Nilidhani anatania. Nilitazama nyuso za wazee, moja baada ya nyingine, nikaona hawatanii. Kwao haya yalikuwa mambo mawili mbalimbali: mzee amejitahidi, na binti yake ameharibu.

"Mzee Ndungu," nikasema, "amepanda kwa sababu nimeikata. Mkirudisha skrubu, mtasukuma tena."

"Dereva alikuwa nani jana, ni wewe?"

"Dereva ni yuleyule wa miaka minne. Lori ndilo limebadilika."

"Ngoja, ngoja." Mama Maximilla alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Mimi nimesukuma hiyo kitu nikiwa na mimba mbili tofauti. Munasema ilikuwa ni skrubu? Na nyinyi mkapiga makofi?"

"Kaa chini, mama, kuna utaratibu."

"Utaratibu utashuka kusukuma?"

Ghala lililipuka kwa kicheko na kelele. Mzee Ndungu aligonga meza. Si mtu mbaya. Aliogopa barua ya mzungu kwa ajili yetu sote, na hakulala vizuri tangu nchi hii ianze kuwa yetu. Alingoja hadi wakatulia, akaniangalia kwa upole.

"Waithira, mimi si mtu wa kugombana na watoto. Pengine mambo ya skrubu tutayatazama. Lakini kitabu kilisema isiguswe, na wewe umegusa. Sema tu umekosea. Neno moja. Katibu aandike umeomba msamaha, tufunge mkutano, watu waende kuvuna."

Baba alikuwa kando yangu. Aliinama, akaninong'oneza, "Mama, sema tu. Neno halina uzito. Tumeshapata ufunguo."

Nilimtazama. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Nilijua anachokitaka: turudi nyumbani, tule, asimulie tena habari za mzinga. Hata mimi nilikitaka hicho. Lakini niliona pia kitabu mezani, na kurasa zake zote. *Dereva ajitahidi. Dereva ameonywa.* Nikiomba msamaha, katibu ataandika kwamba sili ilikuwa sawa. Na kama sili ilikuwa sawa, basi miaka minne hiyo mwenye makosa alikuwa baba.

"Lina uzito, baba," nikasema, si kwa kunong'ona. "Kitabu hiki kinasema wewe ulikuwa mzembe. Hukuwa mzembe hata siku moja. Ulikuwa unapanda kilima na nusu ya injini, na ulipanda."

Baba aliuangalia mkono wangu ulioungua, uliokuwa juu ya goti. Nadhani ndipo alipouona. Akavua kofia, akaegemea kiti, akanyoosha miguu mbele yake kama mtu aliyefika kwake.

"Mwenyekiti," alisema, "huyu ana jina la mama yangu. Mimi siwezi kumlazimisha."

Mzee Ndungu alimgeukia katibu, kalamu ikingoja juu ya karatasi. "Waithira. Kwa mara ya mwisho. Unaomba msamaha?"

"Siombi," nikasema. "Aandike hivyo. Siombi leo, na mkiniita mkutano ujao, siombi."